Nilimpa Mtoto wa Jirani Otizimu

Wacha niseme ile mbaya kwanza. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikiwa nimesikia vipindi vitatu tu juu ya otizimu, hii siku hizi wanaita usonji, niliambia mama mmoja huko Kangemi kwamba mtoto wake ako nayo. Na nilimwambia nikiwa nimevaa koti nyeupe ya maabara. Koti hata haikuwa yangu. Ilikuwa ya rafiki yangu mwenye tulikuwa tunaishi naye chumba moja; yeye alikuwa anasoma kemia, mimi saikolojia, na saikolojia haina koti. Nilivaa tu nikae kama mtu wa maana. Nikakaa vizuri sana, mpaka mzee mmoja wa ploti, hapo tulikuwa tumepanga vyumba, akanifungulia mdomo nimwangalie jino.

Kazi ilitoka kwa mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye alikuwa na ofisi ndogo mjini. Alisema kila mtu atafute mtoto mdogo, amkalie masaa sita, aandike vile anacheza na vile anaongea. Akarudia mara mbili: "Mnaandika, mnanyamaza. Hakuna daktari hapa." Mimi nikashika hiyo ya kuandika.

Mtoto sikutafuta mbali. Jirani yetu, huyo mama, alikuwa anauza mboga hapo kwa geti ya ploti, na alikuwa na kijana wa miaka mitatu na nusu, kifungua mimba wake. "Mwangalie tu," akaniambia, "lakini ukimpea peremende, ugali utakula wewe."

Nikakalia mtungi wa maji wa plastiki, mkononi fotokopi ya orodha ya dalili. Kijana alikuwa anapanga vifuniko vya soda, laini imenyooka kushinda laini ya benki. Nikaweka tiki. Haongei sana. Tiki. Halafu ile kubwa: akiitwa jina lake, anaitika? Jina nilikuwa nimeisoma kwa kadi yake ya kliniki. Nikaita mara kumi. Hakugeuka hata kidogo. Tiki, na mstari chini yake.

Aibu yenyewe ni kwamba nilikuwa nimefurahi. Nikaenda kumwambia mama. Alikuwa anakata sukuma wiki ya kuuza.

"Inatibika?"

"Haitibiki, mama. Ni ya maisha."

"Imetoka kwangu?"

Hapo mtu wa akili angesema sijui. Mimi nilisema mara nyingi ni mambo ya damu.

Alikata ile sukuma mpaka ikawa kama majani ya chai.

Kesho yake meza ya mboga haikuwa. Mwenye ploti akaniambia mama amepeleka mtoto kwa mama mkwe wake Kabiria, na ameambia mwalimu wa nasari asimwekee tena nafasi ya Januari. "Anasema kuna daktari kijana amemwambia haina haja." Akaniangalia juu mpaka chini. "Si wewe?"

Siku nne, kila mtu akigonga geti, mimi najificha chooni. Nilijipima mwenyewe na ile orodha nikapata tiki nyingi kushinda kijana. Niliogopa barua ya kufukuzwa chuo. Niliogopa baba ya mtoto, fundi wa vyuma mwenye mikono kama sufuria. Rafiki yangu anakula, mimi naangalia sahani.

"Enda uambie mwalimu," akasema. "Na koti yangu uvue kwanza."

Mwalimu nilimpata anakula njugu. Akasikiza mpaka mwisho bila kutafuna.

"Ulimwita nani?"

"Jina yake, madam. Ile ya kadi."

"Na nyumbani wanamwita hivyo?"

Hapo ndio nikakumbuka. Kijana wa kwanza, kwa desturi yao, amepewa jina ya babu yake, baba ya baba. Sasa mama gani mwenye heshima atasimama kwa ploti apige kelele na jina ya baba mkwe? Alikuwa anaitwa Guka, yaani babu kwa lugha yao. Nilikuwa nasikia kila jioni kwa ukuta: Guka, vaa viatu; Guka, toka kwa hiyo maji. Na mimi mwenyewe huko kwetu magharibi niliitwa Kuka, hiyo hiyo babu, mpaka nikaingia shule. Siku mwalimu aliita jina yangu ya kitabu, niligeuka kutafuta huyo mwenye anaitwa ni nani. Nilikuwa najua hii kitu kabla nijue kusoma, halafu nikasoma nikaisahau.

"Kwa hivyo hana, madam?" Nikaanza kufurahi tena.

"Ona huyu! Juzi alimpa, leo anamnyang'anya. Hujui! Enda uwaambie hujui. Wampeleke kliniki ya watoto aangaliwe na wenye wanajua. Na nasari aende, awe nayo asiwe nayo."

Nikatembea kupitia Kawangware mpaka Kabiria, bila koti, nikijifundisha kusema "sijui" kwa njia ya heshima.

Nyanya ya mtoto alikuwa nje anachambua maharagwe, kijana miguuni pake na vifuniko vyake. "Karibu, daktari," akasema. "Huyu ni bwana yangu, jina ni moja. Nasikia umesema bwana yangu ameharibika."

Mama akatoka ndani. Nikawaambia yote: nilimwita jina hajazoea, na hata kando na hiyo, sijui. Sikufaa kusema kitu.

"Siku ile ulijua," mama akasema.

Akamwangalia kijana.

"Tangu siku ile sijamwita. Akitakiwa kula, naenda namshika mkono. Naogopa nimwite, asigeuke."

Utani yote ilinitoka. Nyanya akaweka ungo chini. "Mwite."

"Baadaye, mama."

"Mwite sasa, tukiwa wengi."

Mama akainama kidogo. Halafu kwa sauti ndogo: "Guka."

Kijana akapanga kifuniko. Akapanga kingine. Nilitaka kumwita mimi, nikakumbuka mdomo yangu imefanya ya kutosha.

"Guka!" mama akaita tena.

Akageuka. Hakumwangalia mama kwa uso, aliangalia mkono wake. Lakini aliinuka, akaja, akaweka kifuniko kimoja hapo kwa kiganja. Mama akakifunga na mikono mbili.

Wiki iliyofuata tulienda kliniki. Mama alisema lazima nipange foleni na yeye, na mtoto nibebe mimi. Walimpima masikio, wakacheza naye, wakasema arudi baada ya miezi sita, saa hii hakuna mtu atasema ndiyo ama hapana. Januari aliingia nasari. Baadaye wakahama, na mimi chuo ikanishinda nikaacha katikati, kwa hivyo mpaka leo bado sijui.

Hiyo jioni ya kliniki nilimhadithia rafiki yangu yote, na sauti ya nyanya nikiigiza, na mzee wa jino. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Lakini buda," akasema, "huyo mama siku nne alikuwa anaogopa kuita mtoto wake. Wewe ulikuwa unaogopa nini? Barua ya chuo?"