Chombo cha Shaba

Kiwandani walimwita Kiberiti, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuwaka. Alikuwa mkemia katika maabara ya rangi za vitambaa, na kazi ile aliipenda kupita kiasi. Lakini mivuke ya vimiminika vya kuyeyushia ilianza kumla kifua. Siku moja alikohoa mpaka akakaa sakafuni. Daktari hakumung'unya maneno.

"Mama, chagua. Mivuke ile au mapafu yako."

Wakamhamishia stoo, abandike lebo kwenye makopo. Nyumbani akawa hasemeki. Mama mkwe, aliyeishi naye na mumewe, alivumilia weee, mwisho akachoka.

"Mwanangu, hasira zako zitatuchachishia maziwa. Unataka nini hasa?"

"Nataka kazi yangu, mama."

Kumbe kichwani alikuwa na jambo. Alikuwa amesoma kwamba kuna kemikali zinazoungana kwa kupondwa tu zikiwa kavu: unazifungia pamoja na gololi, mashine inatikisa, na kule kugongwagongwa kunafanya kazi ya moto na kimiminika. Akamfuata meneja, akambana mpaka akapewa mashine kuukuu ya kusagia, yenye chombo cha chuma.

Akatia poda zake mbili, akasaga asubuhi nzima. Mlio ulikuwa kama mawe ndani ya debe. Alipofungua, poda ni zile zile, zimelainika tu.

"Kiberiti, unga kilo bei gani?" wenzake wakamtania, wakiwa hoi kwa kucheka.

Yeye alikuwa anawaza kichocheo. Zamani, walipokuwa wakichemsha, walitia chumvi ya shaba ili kuharakisha mmenyuko. Je, chombo chenyewe kikiwa shaba?

Mumewe alikuwa fundi wa kukereza vyuma. "Baba watoto, nikerezee chombo cha shaba, na gololi zake."

"Cha kupikia?"

"Cha kupigia!"

Kikakerezwa, kikang'aa hata mama mkwe akakitamani. Jaribio la kwanza, poda ikaganda kwenye kuta za chombo kama unga uliokandwa. Kiberiti akaikwangua, akaanza upya, safari hii akachanganya na chumvi ya kawaida iliyokaushwa vizuri, ili poda isigandamane. Baadaye angeiosha kwa maji.

Mashine ilipozimwa, akafungua kifuniko. Poda nyeupe ilikuwa imegeuka manjano, manjano ya kuumiza macho! Akaiosha, akaikausha, akapima joto la kuyeyuka. Lilikuwa lile lile la rangi waliyokuwa wakiichemsha.

"Imekubali!" Ukelele wake ulifika hadi getini.

Meneja akaja mbio, akainama juu ya chombo, akanusa. "Mbona hakuna harufu?"

"Itatoka wapi, bosi? Sijatia kitu cha kunuka."

Wakapaka kitambaa, wakakifua, wakakianika juani. Rangi haikutoka. Wale wale waliouliza bei ya unga ndio waliombeba juujuu, huku akipiga kelele wamshushe kabla hawajamvunja.

Kiwanda kikanunua mashine kubwa, na kikampa Kiberiti idara nzima aiongoze. Mama mkwe alialikwa kuiona ikizinduliwa. Akasimama kando ya Kiberiti, ameziba masikio kwa viganja, akimwambia kila aliyepita, kwa sauti ya kushinda mashine:

"Huyu ni mkwe wangu! Wangu!"