Sweta Kumi za Kwaya

Enyi mliolizunguka gazeti hili moja, msomaji na wasomewaji, nawaomba masikio yenu.

Miaka ile uhuru ungali mbichi, timu ya taifa jirani ilipanda Nyeri kucheza mechi ya kirafiki na klabu yetu. Wageni wakatoka na jezi za kijani. Wenyeji nao kijani kile kile, jezi mpya walizoshonewa kwa siku hiyo. Refa akatikisa kichwa: "Mwenyeji ndiye hubadilisha. Bila jezi nyingine, hakuna mechi."

Nahodha wetu akashika kiuno. Ndipo mama mmoja wa kwaya iliyokuja kuwaimbia wageni alipovua sweta yake nyekundu, aliyoifuma mwenyewe. "Shika, kijana. Na nyinyi akina mama, ati mnangoja nini? Vueni!"

Sweta kumi nyekundu zikavaliwa, nyingine zikiishia kitovuni; kipa alikuwa na jezi yake ya rangi tofauti. Mgeni mmoja akacheka: "Kumbe leo tunacheza na kwaya!"

Lakini ulikuwa mwezi wa Julai, na ukungu wa mlima ukashuka na baridi kali. Wageni wakacheza mikono kwapani. Wetu wakakimbia na joto lao. Mwishoni nahodha akajitupa matopeni, akafunga kwa kichwa bao la pekee. Yule mama, aliyejifunika gunia la viazi, akainuka: "Mlitaka kwaya? Basi simameni, wimbo umeanza!"

Wanaosema ushindi ni mazoezi siwabishii, ila sufu nayo ipewe heshima yake.

Aliyenisimulia kwanza ni mwenye sweta ile ya nahodha, Mama Wanjiru wa Gatitu. Sweta hiyo hajaifua matope mpaka leo.