Moto wa Jirani

Mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu, amepika chumvi kando ya chemchemi ya maji ya moto, upande wa Kabondo-Dianda, tangu kabla sijazaliwa. Anakwangua udongo wenye chumvi, anauchuja kwenye kikapu, anauchemsha. Nilipokuwa mtoto alinikalisha kwenye yale maji akinisugua mgongo, akaniuliza ni nani anayewasha moto kule chini. Nikamjibu kwa yale ya katekisimu: shetani. Alicheka hadi sabuni ikamponyoka.

"Shetani njo anatupikia chumvi? Hapana, mutoto. Tafuta jibu ingine."

Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile. Sasa ninaishi Kamina, na kazi yangu ni kupima visima virefu. Tunafunga kipima joto kwenye waya, tunakishusha shimoni polepole, tunasoma joto la maji kila mita, ili tujue kama chini kuna moto wa kuzalisha umeme. Tuko watatu. Mkuu wetu ametoka Goma, na mtu wa Goma akianza kusimulia volkano yake hanyamazi.

"Kwetu moto unauona kwa macho," aliniambia. "Nyinyi mnaubembeleza kwa waya."

Mimi nina hasira za karibu. Nilimwambia tuanze na kisima cha zahanati ya kijiji cha mama mkubwa, halafu tuone nani atanyamaza.

Shida ni kwamba kisima hakipimwi kikiwa kimetoka kutumika. Ukipampu, maji ya juu na ya chini yanachanganyika kama uji uliokorogwa, na kipima joto kinakusomea uongo. Ilibidi tung'oe pampu na kukiacha kisima kipumzike siku nne. Siku nne wanawake wateke maji mtoni, nyuma ya kilima! Walinung'unika, na walikuwa na haki. Ndipo akasimama mama mkubwa, ambaye ndiye anayetunza ufunguo wa pampu.

"Siku ine haiko mingi. Minyi niko nangoya tangu niko mutoto." Kisha akanigeukia mimi. "Macho yangu inaisha, juu ya moshi. Ukijua, uniambie wa kwanza. Sitaki kufa bila kujua."

Niliahidi. Kuahidi ni rahisi.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza, na mkuu wa Goma akapewa la kwake kesho yake. Analima vibaya sana.

Siku ya tano tulishusha waya. Joto husomwa wakati wa kushuka tu, maana chombo chenyewe kikipita kinavuruga maji. Nilisoma namba kwa sauti, na zilikuwa zinapanda. Thelathini. Thelathini na nne. Thelathini na tisa! Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikamtazama mkuu wa Goma kwa dharau ambayo bado inanitia haya.

Halafu namba zikaanza kushuka. Thelathini na saba. Thelathini na tano. Niligonga kioo cha mashine kama vile kosa ni lake. Tulipochora mstari ulikuwa na tumbo katikati kama mama mjamzito, chini ya hapo ukarudi ndani.

Mkuu hakujigamba. Alinieleza taratibu jambo nililokwisha kulielewa: moto ungekuwa chini yetu, joto lingepanda hadi mwisho. Hapa maji ya moto yanaingia ubavuni, kwenye ufa wa mwamba, yakipita tu kwenda kwenye chemchemi. Chini yake mwamba ni wa baridi.

Nilitaka kulia. Na niseme ukweli, nilifikiria kumdanganya yule mzee. Lakini alikuwa amekwisha kusimama mbele yangu, ananyoosha shingo ili asikie. Nikamwambia yote.

Akauliza, "Ile ufa inatokea upande gani?"

"Labda juu, kwenye mwanzo wa bonde."

"Kumbe!" Akapiga makofi. "Miaka yote tuko napikia moto ya jirani, na hatumupelekeake hata kitu!"

Kijijini kwao, ukiomba kaa la moto kwa jirani, kushukuru kwa maneno hakutoshi. Ukishapika unampelekea chochote, hata kidogo. Alifunga chumvi kwenye jani la mgomba, akaniwekea mkononi. "Ukimukuta mwenye moto, umupatie."

Kile kifurushi kilisafiri kwenye sanduku la waya miezi mingi. Jani lilikauka, nikalifunga kwa kitambaa. Visima viwili tulivyopima baadaye vilikuwa na tumbo vilevile. Mkuu aliacha utani, kila asubuhi akawa anauliza, "Chumvi iko?" kabla hajauliza mafuta ya gari.

Kisima cha nne kilikuwa juu kabisa ya bonde. Namba zilipanda, zikapanda, na waya ulipogusa tope la chini zilikuwa bado zinapanda. Kwa furaha nilifungua kitambaa nimwage chumvi shimoni. Mkuu akanidaka mkono. Tulikuwa hatujapima jinsi maji yale yanavyopitisha umeme, na chumvi ingeharibu kila kitu.

Basi nikampigia simu mama mkubwa.

"Usimupatie," alisema. "Ningoye. Nakuya mwenyewe."

Alikuja siku mbili baadaye, nyuma ya pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Vipimo vilikuwa vimekwisha na pampu ilikuwa imerudishwa. Alimkabidhi ile chumvi mama anayetunza ufunguo wa pampu ya pale, akamweleza ni shukrani ya ule moto wa miaka yote. Yule mama hakushangaa. Aliionja, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaanza kupampu.

Maji ya kwanza yalitoka ya vuguvugu, kisha ya moto. Mama mkubwa hakuweza kuyaona vizuri. Alipapasa hadi akayapata, akaweka kiganja, akakiacha hapo ingawa yalimchoma.

"Kumbe njo weye," akasema.