Masanduku Mawili ya Nekesa

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini wacha leo niwape, mcheke mmalize.

Nikiingia fomu wani, miaka ya tisini hiyo, wazazi wangu walikuwa wameachana, mimi na mama tunakaa mtaa wa Tena, baba kabaki Buruburu, na kila mmoja akaniuliza kivyake, "Nikununulie sanduku la shule?" na mimi (mwoga wa kuudhi watu, sijui nilirithi wapi, maana hao wawili waliudhiana bila hofu) nikawajibu wote, "Sawa." Baba akasema atanipeleka, nikasema sawa. Mama naye, sawa. Kila nikiwaza siku yenyewe, najiambia labda mmoja atakwama kazini.

Hakukwama mtu! Tunafika shuleni, mama kajitwika sanduku la bati lililoandikwa kwa rangi nyeupe NEKESA SIMIYU, jina la babu mzaa mama, na namwona nani kwenye foleni? Baba, na sanduku lake jipya, NEKESA WAFULA. Foleni nzima ikageuka. Mwalimu wa zamu akatazama masanduku, akanitazama mimi.

"Nekesa ni wangapi?"

"Mmoja, madam."

"Bwenini ni sanduku moja tu. Lako ni lipi?"

Jamani! Mama ananiangalia, baba ananiangalia, na nikichagua la huyu, yule atarudi nyumbani akijua simtaki. Nikafungua mdomo niseme "sawa" (ndiyo, tena!), badala yake ikatoka chai yote ya asubuhi, na mandazi, juu ya sanduku la mama na viatu vya madam.

"Woi! Mono ametapika!" wakapiga kelele wasichana wa vidato vya juu; mono ndiyo sisi wageni wa fomu wani.

Nikalia kama mtoto wa nasari. Baba akatoa kitambaa mfukoni akanipangusa mdomo, mama akanishika paji la uso, vichwa vyao nusura vigongane. Kisha mama akatazama sanduku lake lilivyochafuka, akashusha pumzi.

"Baba Nekesa, shika huku."

Tangu waachane alikuwa akimwita "yule mtu". Wakabeba la baba, huyu mkono huu, yule mkono ule, hadi bwenini, mimi nyuma na godoro.

Miaka yote ya sekondari niliitwa Masanduku. Siku hizi hata ukiniuliza chai ama soda, sisemi sawa kabla sijafikiri. Lakini sanduku lile bado ninalo, chini ya kitanda. Ndicho kitu cha mwisho nilichowaona wakishika pamoja.