Mtazamaji Aliyeingia Vitani na Jani

Kamati ya tamasha la vita vya kale imetangaza, "kwa masikitiko makubwa", kuondokewa na mdau wake mkubwa. Tangazo lilinifikia kwenye simu nikiwa Bomang'ombe, nimesimama dukani nachagua ndoo, na ilibidi nilisome mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikumtambua marehemu. Lilisema alikuwa mpenzi wa historia, nguzo ya tamasha, na kwamba pengo lake halizibiki. Kumbe ni mzee wetu, mpishi mstaafu wa mlimani, ambaye kamati hiyo hiyo ilimpiga marufuku kukanyaga uwanjani, hata Desemba iliyopita akavitazama vita akiwa nje ya uzio wa shule, kando ya barabara, amekalia kiti chake cha kukunja. Nimegundua kwamba kwetu njia ya mkato ya kuwa mdau ni kufa. Ukiwa hai wewe ni mkorofi. Ukishavalishwa suti na kulazwa kwenye jeneza, unakuwa nguzo. Niliumia sana, na bado nikajikuta nacheka peke yangu, mpaka mwenye duka akaniuliza kama niko salama.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuhudhuria vita vyetu, nieleze. Kila Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko kula sikukuu, vijiji viwili vya mlimani vinavyotenganishwa na mto huigiza vita walivyopigana mababu zao enzi za Wamangi, yaani watawala wa zamani wa huku. Uwanja wa vita ni uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Mikuki ni mabomba ya maji yaliyopuliziwa rangi ya fedha. Ngozi za chui ni mablanketi ya madoadoa yaliyokatwa kwa mkasi, na chini yake unaona raba nyeupe za mhasibu aliyeingia juzi kutoka Dar. Vita havianzi mpaka mgeni rasmi afike. Nimeshuhudia kwa macho yangu majeshi mawili ya maadui wa jadi yakisubiri tangu asubuhi, yamekaa pamoja kwenye kivuli cha migomba yanagawana soda, huku mshereheshaji akiwatangazia wananchi kwamba mgeni rasmi yuko njiani na uadui utaanza punde. Wakishaanza, wanakufa kwa hiari na kwa mpangilio wao. Nilimwona marehemu mmoja akihama kutoka juani kwenda kivulini. Mwingine alipokea simu akiwa amelala kifudifudi, akamwambia mkewe kwamba atampigia baadaye, kwa sasa ameshakufa.

Mimi ni mtoto wa Moshi mjini. Babu zangu walifika huku na biashara zao kutoka pande tofauti, wakaoana, wakajenga karibu na msikiti, na katika vita vya mlimani hawakuwahi kualikwa upande wowote. Siku ya kwanza nilipopanda kwenda kutazama, nilivaa viatu vizuri na sikuwa na pa kukaa. Mzee mmoja aliyekalia kiti cha turubai, kile wanachobeba watalii kambini, aliligeuza kreti tupu la soda na kulisogeza karibu yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba binti. Wewe wa upande gani?" Nikamwambia sina upande. "Basi kaa hapa," akasema. "Wenye upande hawaoni kitu." Tangu siku hiyo, kila Desemba nilimkuta mahali pale pale, na nakiri kwamba nilikuwa napanda mlima kwa ajili yake zaidi ya vita. Alikuwa amewapikia watalii mlimani miaka mingi, na alipenda kusema kwamba mtu aliyewahi kuwapikia uji watu waliolipa ili wateswe na baridi hawezi kushangazwa na watu wanaopigana bure.

Yeye alitoka upande unaoshindwa. Katika maigizo yale hakuna mashaka juu ya hilo: upande wake hushindwa kila mwaka na ng'ombe wake hutekwa. Nasema ng'ombe wake bila mafumbo, kwa sababu ng'ombe mwenyewe wa nyara alikuwa ni wa mzee huyu, wa maziwa, mnene, mwenye mabaka meusi na meupe, ambaye mababu hawakuwahi kumwona hata ndotoni. Aliingia vitani kwa mwendo wa bibi harusi, na jeshi zima la washindi lilikuwa likimsukuma kwa nyuma. "Mtekeni tu," mzee alikuwa akiwapigia kelele kutoka kitini, "lakini saa ya kukamua awe amerudi." Siku moja nilimuuliza ni nani hasa aliyeshinda vile vita vya kweli. Alifikiri kidogo, akanijibu, "Babu yangu alisema tuliwapiga. Babu wa mke wangu alisema walitupiga. Wote wawili walisema mvua kubwa ilinyesha. Mimi nimeamua kuiamini mvua."

Mke wake, kama mlivyosikia, alitoka ng'ambo, kwa washindi. Kaka wa huyo mke, yaani shemeji yake mzee, ni mfugaji wa kuku na mwimbaji wa besi katika kwaya, mtu mpole ambaye kamati ilimchagua aigize Mangi wa upande wa ushindi kwa sababu ya sauti na tumbo. Mashemeji hawa walikuwa marafiki wa kuvuka mto kila Jumapili baada ya ibada. Lakini cheo ni cheo hata kikiwa cha blanketi. Mwaka wa kwanza shemeji aliigiza akicheka. Mwaka wa pili hakucheka. Mwaka uliofuata alianza kutembea na fimbo ya Kimangi mwezi Machi, na kanisani akahamia kiti cha mbele. Kisha ikaja sikukuu moja, ng'ombe amechinjwa kwake, nyama inagawiwa ndugu kwa ndugu kama ilivyo desturi, na shemeji akamwambia mzee mbele ya watoto na wakwe, "Nyie watu wa kutekwa subirini, mtagawiwa mwisho." Watu walicheka. Mzee aliaga kwa heshima, akavuka mto kurudi kwake, na tangu hapo hakuna aliyevuka tena isipokuwa yule mama, aliyekwenda kwao peke yake na kurudi peke yake. Wanaume hao wawili walipishana njiani mwaka mzima kama nguzo za umeme.

Mzee alinisimulia hayo asubuhi ya vita vya Desemba iliyofuata, tukimsubiri mgeni rasmi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Binti, mimi kushindwa sioni shida, nimeshazoea, nashindwa kila Desemba. Ila siku nikifa, mke wangu asimame kaburini bila mtu hata mmoja wa kwao? Kisa bomba la maji lililopakwa rangi?" Kisha akanionyesha alichokuwa amekiweka chini ya kiti, jani la isale. Watu wa mjini wenzangu wanalijua kama lile jani refu la kijani linalopandwa mpakani mwa vihamba, mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, na pia makaburini. Watu wa mlimani wanajua zaidi. Ukimpelekea mtu isale unaomba yaishe, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Nikamuuliza, "Lakini mzee, aliyekosa si yeye?" Akasema, "Ni yeye. Sasa nikikaa kumsubiri mwenye kosa, nitamsubiria kaburini."

Mgeni rasmi alifika, vita vikaanza, ng'ombe akasukumwa, na wakati Mangi wa washindi alipoinua bomba lake kutangaza ushindi, mzee alikunja kiti chake, akanikabidhi, akaingia uwanjani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua sufuria jikoni. Alisimama mbele ya shemeji yake na kulinyoosha lile jani kwa mikono miwili. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Tunaomba mzee atupishe, tafadhali mzee atupishe, vita vinaendelea." Havikuendelea. Vijana wa pande zote mbili, pamoja na mhasibu wa raba nyeupe, walipoliona isale walishusha mikuki yao mmoja mmoja, kwa kuwa hakuna aliyelelewa mlimani anayejua kupigana mbele ya kitu hicho, hata kwa maigizo. Hata waliokufa waliketi. Aliyebaki amesimama wima na silaha juu ni shemeji peke yake. Tuliokuwa karibu tulimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Shemeji, usiniaibishe. Haya ni maigizo tu." Na mzee akamjibu, "Na mwaka mzima usiponisalimia, yalikuwa maigizo?" Mkono wa shemeji haukushuka kulipokea lile jani. Mzee alisubiri, kisha akalirudisha kifuani na kutoka nalo.

Sasa sikilizeni maajabu ya nchi hii. Wageni wote walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya igizo. Mgeni rasmi, katika hotuba ndefu kuliko vita vyenyewe, aliipongeza kamati kwa ubunifu wa hali ya juu na kuiagiza kipengele cha jani kiendelezwe. Kamati ilipokea pongezi hizo ikitabasamu, na baada ya sikukuu ikakaa kikao na kumpiga marufuku mzee kwa kosa la kuvuruga historia. Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe. Alinimiminia chai, akauliza kama marufuku hiyo inamhusu na ng'ombe. Haikumhusu. Ng'ombe alikuwa bado anahitajika vitani.

Nimewaza sana tangu wakati ule. Vita tumeviundia kamati, tumevipa sare, mshereheshaji na hema la wageni. Suluhu haina hata katibu. Nawajua wakulima wa mpunga kule Chekereni waliogombea maji ya mfereji mpaka majembe yakainuliwa, kisha wakakaa kwenye benchi moja, wakasemezana, wakapangiana zamu, na mpaka leo wanakopeshana mbegu. Sijawahi kualikwa kwenda kutazama maigizo ya benchi hilo. Tunawarithisha watoto namna mababu walivyochomana mikuki, na tunasahau kuwaambia kwamba baadaye mababu hao hao walioana, ndiyo maana watoto wenyewe wapo. Labda amani haina mavazi ya kupendeza. Labda haipigiki picha.

Tulimzika mzee kihambani kwake, katika kiangazi kikali, vumbi mpaka kwenye kola. Kamati ilikuja na fulana zake na shada kubwa kuliko yote. Nilikaa nyuma kidogo, mtandio kichwani, na sikuwa naangalia jeneza. Nilikuwa naangalia njia inayotoka mtoni, na nadhani kila mtu alikuwa anaiangalia. Mchungaji alikuwa ameshamaliza, kaburi limeshafukiwa, ndipo shemeji alipotokea. Hakuwa na fimbo. Alivaa suti, na mkononi alishika tawi zima la isale na shina lake. Watu wakampisha mpaka mbele ya dada yake, aliyekuwa ameketi kando ya kaburi.

"Dada, nimekuja."

"Nimekuona."

"Nimeleta isale."

Yule mama hakunyoosha mkono. Alionyesha kaburi kwa kidevu. "Wa kulipokea ni huyo. Yeye alikuletea ukiwa na mikono miwili mizima." Shemeji alilia hapo, kwa sauti ile ile ya besi, na hakuna aliyemnyamazisha. Dada yake alimwacha alie. Kisha akamwambia, "Lipande hapo kichwani pake. Likishika, tutajua amelipokea." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yule Mangi aliinama na suti yake, akachimba udongo kwa vidole, akalisimika. Alipoinuka akipangusa magoti, dada yake akaongeza, "Kiangazi hiki halitashika bila maji. Usitume mtu. Uje mwenyewe."

Wiki iliyopita nilipanda kumjulia hali mama huyo, nikamkuta kaka yake akiingia uani na kidumu cha maji. Alikuwa amekibeba kutoka ng'ambo, akavuka nacho mto na kupanda nacho mteremko wote, ingawa bomba la dada yake liko hatua chache kutoka kaburini. Nimesikia kamati imeshamfuata kuhusu Desemba, naye amewajibu watafute Mangi mwingine, yeye ana kazi. Alimwagilia taratibu, akarudi nyuma, akalitazama lile tawi. "Binti, wewe unaonaje," akaniuliza, "limeshika?" Nililitazama sana. Lakini isale hata likikatwa hukaa kijani siku nyingi, na kwa macho huwezi kujua kama lina mizizi au linasubiri tu kunyauka. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, na niliona jinsi jibu hilo lilivyomkaa usoni. Akaokota kidumu chake, akasema atarudi kesho. Vita, wasomaji wangu, unaweza kuvirudia kila Desemba na waliokufa wakaamka kunywa soda. Kama nawe kuna mtu wa ng'ambo unayekusudia kumpelekea jani, vuka leo. Usimsubiri mgeni rasmi.