Paka wa Jirani Anang'aa

Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo hapa Manyoni, nyuma ya mama mmoja aliyeshika chupa tupu ya soda. Huku kwetu dawa ya kuogeshea ng'ombe unapimiwa kidogo, kwenye chupa uliyokuja nayo.

“Nipimie ya paka,” akasema. “Wa jirani yangu anang'aa kama kapakwa mafuta ya alizeti. Kila mgeni anamsifu yeye! Wangu kutwa anajikuna viroboto.”

“Weka kifuniko kimoja tu kwenye ndoo,” muuzaji akamjibu.

Mzee aliyekalia gunia la pumba akakohoa. Mama akageuka.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Ng'ombe akishaogeshwa anakwenda malishoni. Paka je?” Mzee akainua mkono, akajifanya anaulamba toka kiwiko mpaka vidoleni. “Anajilamba mwili mzima. Wangu nilimwogesha hiyo asubuhi, jioni nikamzika.”

Mama akarudisha chupa kwenye mkoba, taratibu.

“Sasa wa jirani anapakwa nini?”

“Si umuulize mwenyewe?”

“Yule? Bora nimuulize bwana mifugo.”

Na kweli ni bora. Dawa ya ng'ombe haigeuki ya paka kwa kupunguzwa, hata wivu ukuchome vipi. Nilitaka kumcheka yule mama, ila muuzaji akanigeukia: “Na wewe?”

Mimi nami nina jirani, na jirani ana paka anayeng'aa kuliko wangu. Nikaisukumia chupa yangu tupu ndani ya mfuko, nikaomba chumvi ya ng'ombe, kilo moja.

Kwangu sina hata mbuzi.