Vipimo vya Maji ya Ngashe

Kwa miaka kumi na mmoja sasa, kila Jumatatu asubuhi, Specioza huingia ziwani hadi kiunoni, akazamisha chupa ya maabara, akaifunga, kisha akaipeleka ikapimwe. Ndiyo kazi yake: kuchunguza maji ya fukwe ambako watu wa Mwanza huogelea. Fukwe zote anazijali, ila ya Ngashe, kule Ilemela, ndiyo iliyomlea.

Hapo ndipo marehemu baba yake, mwalimu Privatus, alipomfundisha kuogelea. Jumapili wakitoka misani, mama alifua na kuanika nguo juu ya mawe, baba akamshika Specioza tumboni na kumwambia apige miguu. Samaki wadogo, furu, waliwadonoa vidole. Wakipata kiu walikinga viganja wakanywa, na hakuna aliyeugua. Au labda waliugua wasijue sababu.

Februari mwaka huu maji ya Ngashe yalikutwa na vimelea vya kinyesi mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Specioza hakuamini. Kesho yake alirudi, akachota sehemu tatu tofauti, majibu yakawa yaleyale. Aliitazama karatasi mpaka chai ikapoa mezani, maana alijua kinachofuata ni kibao cha kukataza watu kuoga, na wa kukisimika ni yeye.

Luhaga, mwenye banda la samaki na soda pale ufukweni, alikuwa rafiki wa baba yake. Alimkuta Specioza akishindilia udongo kwenye nguzo ya kibao.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Specioza, maji haya uliyanywa kwa mikono yako.”

“Niliyanywa, baba. Leo simruhusu mwanangu hata anawe uso.”

Mzee alikwenda kupandisha viti vyake juu ya meza, kimoja kimoja.

Alasiri ileile Specioza alifuata mfereji unaoteremka katikati ya mawe, akapanda mlima nyumba kwa nyumba. Nyuma ya nyumba mpya ya wageni alikuta bomba limefunikwa majani, linamwaga maji ya choo. Mwenye nyumba alijitetea kwamba shimo limejaa na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda kule. Hilo lilikuwa kweli, lakini alipewa siku thelathini, akachimba shimo jingine karibu na barabara.

Mwezi Mei majibu yalikuwa mazuri wiki tatu mfululizo. Ngashe ikafunguliwa, ila upande wa magharibi tu. Mashariki kuna kijito kinachobeba uchafu wa mtaa mzima, na Specioza alimweleza Luhaga waziwazi kwamba huko huenda ikachukua miaka. Mzee akahamisha banda lake.

Siku hizi, kila Jumatatu, Luhaga humsubiri ukingoni na kumwuliza vipimo vya wiki iliyopita vilitoa nini. Akishajibiwa, huenda kuwatangazia wateja wake mwenyewe.